Koti la Tymon

Magharibi ilimkuta Otylia akijaza godoro lake nyasi kavu. Kambini hapo, kando ya ziwa la Mazury, mgeni hulala kama walivyolala askari wa miaka mia sita iliyopita. Simu zimefichwa, taa ni moto wa kuni. Watu wazima na akili zao wanacheza vita vya mababu, na wanaona raha!

Otylia hakuja kucheza. Mwaka jana, katika kambi hii hii, mdogo wake Tymon alikufa. Bogumil, mkuu wa kambi, aliwaambia polisi kwamba kijana alilewa, akaangukia kigingi cha hema. Otylia hakuamini hata chembe. Alikuja kumtafuta muuaji, bila kumwambia mtu kwamba yeye ni dada wa marehemu.

"Dada mgeni, utaganda!" Bogumil akamrushia koti nene la vita kutoka kwenye sanduku la kuazimisha. "Shika hilo. Ila ukiliunguza kwa cheche, tutagombana!"

Akalivaa. Vidole vikagusa mshono wa kola... akaduwaa.

Ulikuwa mshono wake mwenyewe.

Majira yote ya baridi alimshonea Tymon koti hili kwa mkono. Bogumil aliapa kwamba usiku ule Tymon hakulivaa. Mbona basi kwapani pana kiraka, na chini yake tundu jembamba la kisu?

Kwa nini hakulichoma? Uroho, mjinga yule! Watu hawa wataua mtu, lakini koti zuri la kushonwa kwa mkono hawalitupi.

Kisha kiraka kikalowa.

Harufu ya damu mbichi... Vigwe vya kufungia koti kifuani vikaanza kujikaza vyenyewe. Kimoja. Kingine. Sikioni pake, pumzi baridi ikanong'ona:

"Dada... si wewe. Mvalishe yeye."

Vigwe vikalegea. Otylia akalivua, akaenda nalo motoni, Bogumil na wenzake walipokuwa wakinywa supu ya kabichi.

"Bwana mkubwa, linanibana. Hebu livae wewe."

Bogumil akarudi nyuma. "Mimi ninalo langu."

"He! Mkuu wa kambi anaogopa koti la wageni?"

Wenzake wakaangua kicheko, wakagonga mabakuli. "Livae! Au kitambi hakiingii?"

Siku za mwizi ni arobaini. Kwa kuona aibu mbele ya watu, akalivaa.

Krrr...

Vigwe vikakaza. Wenzake wakajaribu kuvikata kwa visu, havikukatika.

"Tymon, niache!" alilia Bogumil. "Hukulewa! Aliyelewa nilikuwa mimi!"

Vilipolegea vyenyewe, alikuwa maiti. Kwapani mwake palikuwa na jeraha jembamba, na hakuna kisu kilichomgusa. Otylia alimwangalia hadi mwisho. Hakumhurumia, na moyo wake ulitulia.

Aliondoka na koti hadi nyumbani, akalifua, akalitundika msumarini. Lakini kila magharibi kiraka kililowa tena.

"Bado nini, mdogo wangu?" aliuliza hatimaye, akilia.

Mkono mmoja wa koti ukainuka polepole. Wa pili ukafuata.

"Walinishika... mikono."

Otylia akazikumbuka zile nyuso motoni, zikicheka, zikigonga mabakuli.

Asubuhi akampigia simu mmoja wao. "Mnapiga kambi tena kiangazi?" aliuliza kwa upole. "Nitakuja. Na asiye na koti asihangaike, nitamwazima langu."