Taa za Buluu za Raskazone

Jumatatu, saa mbili kasoro dakika kumi asubuhi, Dokta Sabra alifungua chumba cha tangi nyumbani kwake Raskazone, akakuta matumbawe yake yote yamekufa. Yalikuwa arobaini na mawili, kazi ya miaka kumi. Juzi yake yalikuwa na rangi. Sasa yalikuwa meupe kama chokaa, na maji yalinuka klorini, ile dawa ya kung'arishia mashuka.

Inspekta Praxeda alifika saa tatu na robo kwa bajaji, maana gari la kituo lilikuwa bovu. Alikuwa mwanamke mfupi, mzaliwa wa Lushoto, asiyependa kuuliza swali moja mara mbili. Alinusa tangi, kisha pipa la plastiki lililokaa kwenye rafu nyuma yake.

"Hili la nini?"

"Maji ya tangi hupungua kwa joto," Sabra alisema. "Pipa linayaongeza lenyewe, tone kwa tone. Mtu ametia sumu humo."

"Wenye ufunguo?"

"Mimi, lakini tangu Jumamosi nilikuwa Pangani. Najat, mpiga picha wangu. Na Hosea, fundi wa taa na pampu. Usihangaike, Inspekta, ni Hosea. Wiki iliyopita nilimfokea mbele ya wageni, akaniambia nitajuta."

Alimwonyesha simu. Jumapili, saa kumi na moja na dakika thelathini na mbili jioni, Najat alikuwa amemtumia picha ya tangi na maneno haya: *Dokta, ndiyo natoka. Yote mazima.* Matumbawe ya kahawia yalikuwa yamechanua juu ya mchanga mweupe kama chumvi.

"Hosea alikuja kujaza pipa saa kumi na mbili," Sabra aliendelea. "Baada ya picha hii hakuingia mwingine."

Kabla ya adhuhuri Hosea alikuwa mahabusu.

"Ulisema atajuta?" Praxeda alimuuliza.

"Nilisema, Afande. Kuniita mjinga mbele za watu! Lakini yale matumbawe nimeyalea mimi. Nimuue mtoto niliyemlea?"

"Jumapili jioni uliona nini?"

"Niliona buluu tupu. Klorini niliisikia, nikadhani pamepigwa deki. Nikajaza pipa, nikaondoka. Taa nyeupe zilishazimika."

"Kwa kawaida zinazimika saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili, kisha zinabaki za buluu. Lakini Jumamosi Dokta alinipigia akiwa njiani, akasema mwani umezidi, nizipunguze. Nikazitega zizime saa kumi."

Kalamu ya Praxeda ilisimama. "Nani mwingine alijua?"

"Mimi na yeye tu."

Hakumwachia. Hilo lilikuwa neno la mtuhumiwa, na alihitaji zaidi ya neno.

Alasiri alimfuata Najat huko Pongwe, kwenye harusi ya binamu yake iliyoanza Jumapili. Alikuwa msichana mtulivu wa miaka ishirini na sita, hina mbichi mikononi. Alieleza bila kusita: alipiga picha saa kumi na moja na nusu, akaituma palepale, akapanda bodaboda. Kuanzia saa kumi na mbili watu hamsini walimwona harusini. Praxeda alinakili jina lake kutoka kwenye kitambulisho: Najat Zubeiri Masoud. Sabra alikuwa amemtaja kama Najat Masoud tu.

Jumanne nzima Praxeda alikaa kwenye chumba cha majalada ya zamani, akilitafuta jina la Zubeiri.

Jumatano, saa kumi na moja jioni, aliwaita Sabra na Najat kwenye chumba cha tangi. Taa za buluu peke yake ndizo zilizokuwa zinawaka. Chini ya taa hizo Sabra aliweka bakuli la kioo lenye mchanga na tumbawe moja lililonusurika, lililokuwa kwenye tangi dogo la chumba kingine.

"Piga kama ulivyopiga Jumapili," Praxeda alimwambia Najat.

Najat aliinua simu. Kioo kizima kikawa buluu. Akafikiri kidogo.

"Jumapili niliweka kioo cha njano mbele ya kamera. Kinakata buluu."

"Kiweke."

Alikiweka. Kwenye simu tumbawe liliwaka kijani kikali, na mchanga uliolizunguka ukawa mweusi kama mkaa. Praxeda akaweka picha ya Jumapili kando yake: tumbawe la kahawia, mchanga mweupe.

"Mueleze, Dokta."

Sabra alikohoa. "Tumbawe ni la aina ileile. Chini ya taa nyeupe ni la kahawia, chini ya buluu linawaka kijani. Kioo cha njano hakiwezi kuugeuza mchanga kuwa mweupe. Picha ile ilipigwa taa nyeupe zikiwaka, kabla ya saa kumi. Ningeliona hilo Jumatatu nilipokuonyesha simu, kama nisingekuwa nalia." Akamgeukia Najat. "Ile rangi inatoka kwenye taa. Huwezi kulitambua tumbawe kwa picha bila kujua limepigwa chini ya taa gani."

Najat aliteremsha simu polepole.

"Umeyaandika hayo, Inspekta?"

"Nimeyaandika."

"Basi picha niliipiga saa tisa, nikamimina klorini, nikaondoka. Picha niliituma nikiwa Pongwe. Sikujua taa zimebadilishwa." Alimtazama Sabra bila kupepesa. "Miaka tisa iliyopita ulisimama mahakamani na picha ya matumbawe yaliyokutwa kwenye beseni la baba yangu. Ukasema haya ya kijani yanaota ndani ya hifadhi tu, mzee huyu ameyaiba. Yalikuwa ya kahawia! Aliyaokota mbele ya kijiji chetu. Uliyapiga picha humu, chini ya taa hizi."

"Zubeiri," Sabra alinong'ona.

"Zubeiri. Kifungo cha miaka minne. Mimi nilikuwa Amani kwa shangazi, nasoma. Nilikuja kuomba kazi kwako ili nikuone tu, nijue ni mtu wa namna gani. Siku ya kwanza ukaniwashia taa, ukacheka, ukasema, tazama Najat, yanavyodanganya."

"Wakati wa kesi sikujua. Taa zilikuwa ngeni kwangu."

"Ulijua lini?"

Sabra alishika ukingo wa tangi. "Mwaka mmoja baadaye."

"Baba alikuwa hai. Alikufa gerezani mwaka wa pili, kwa kifua kikuu." Sauti ya Najat haikupanda. "Nilitaka uingie humu asubuhi ukute umpendaye amelala mweupe, na usiwe na la kufanya. Umekuta?"

"Nimekuta."

"Na Hosea?" Praxeda aliuliza. "Amelala mahabusu siku mbili kwa picha ya uongo. Ulijua atashikwa."

Kwa mara ya kwanza Najat aliinamisha macho.

"Anatoka jioni hii," Praxeda alisema. "Utamwomba radhi mwenyewe." Kisha akamsogezea Sabra karatasi. "Maelezo yako, Dokta. Ongeza na ule mwaka mmoja."

"Itasaidia nini sasa? Mzee ameshakufa."

"Kwenye jalada bado ni mwizi."

Sabra aliandika kwa muda mrefu. Alipomaliza alitia sahihi. Najat aliomba karatasi, akaisoma mstari kwa mstari chini ya ile buluu, mpaka akafika kwenye jina la baba yake. Akalisoma kwa sauti, mara mbili. Ndipo alipoirudisha, akanyoosha mikono yake yenye hina apigwe pingu.