Paa Lisilokaribia

Gurudumu la mbele lilididimia katikati ya ziwa lililokauka, pikapu ikainama upande, na ekseli ikavunjika. Dada mtu, ambaye ndiye dereva na ndiye fundi, aliingia uvunguni na jeki. Ardhi ya chumvi haikuhimili. Jeki iliteleza, gari likamshukia kwenye kifundo cha mguu. Mdogo wake alichimba kwa mikono mpaka kucha zikatoka damu, ndipo akamvuta nje.

"Umevunjika?"

"Sijui. Usiniguse kwanza. Maji yako wapi?"

Maji yalikuwa dumu moja, na sehemu kubwa ilikuwa imemwagika gari lilipoinama. Simu hazikupata mtandao. Hata heroe, ndege wa waridi waliokuja kuwapiga video, hawakuonekana hata unyoya. Mdogo mtu alikuwa mpiga video wa harusi, na hii ilikuwa kazi yake ya kwanza ya porini. Dada alikubali kumwendesha kwa sababu hakuna mwingine aliyekuwa tayari.

Alichokuwa nacho ni kamera na lenzi ndefu ya kuvuta, ya bei nafuu, mwili wa plastiki. Ukiivuta mpaka mwisho, picha inaingia giza na kutetemeka kwa kila pumzi. Lakini inavuta kweli. Alipanda juu ya pikapu, akaizungusha mpaka ikagota, akaona paa la bati na tangi la maji juu ya miguu ya chuma.

"Ni pale tu, Dada!"

"Pale wapi? Mimi sioni kitu. Umeona kwa macho yako au kwa hiyo lenzi?"

"Nimeona hata ngazi ya tangi. Nakwenda na kurudi."

Alimfunga kifundo kwa kitambaa cha kufutia kamera, akamlaza kwenye kivuli cha gari. Dada akammiminia chupa yake ikajaa pomoni, akabaki na kidogo ndani ya dumu. Alisema mtu aliyelala hatoki jasho.

Mdogo mtu alitembea. Chumvi ilivunjikavunjika chini ya viatu, jua likamkaa utosini. Kila alipoinua kamera, paa lilikuwa palepale, linacheza ndani ya mvuke wa joto, si kubwa zaidi wala dogo zaidi. Akaongeza mwendo. Hakukuwa na nzi, hakukuwa na upepo, hakukuwa na sauti isipokuwa ya koo lake mwenyewe likimeza kitu kisichokuwepo. Alianza kuhesabu hatua kwa sauti ili asikie mtu akizungumza.

Ndipo akili ikamrudia, akasimama kama aliyepigwa kofi. Hiyo ilikuwa hila yake mwenyewe! Harusi ikikosa watu, yeye hurudi nyuma mpaka ukutani, anavuta lenzi, na viti vilivyoachana vinabanana kwenye picha kama ukumbi umefurika. Wateja humshukuru. Lenzi ndefu huyakunja masafa, na yeye, fundi wa kuyakunja, alikuwa ameyaamini. Paa lile lilikuwa mbali mno, kwa miguu asingefika akiwa hai.

Aligeuka kutazama alikotoka. Pikapu ilikuwa kidoti. Akaketi, akabana viwiko magotini ili mikono itulie, akavuta. Dada akaonekana, ameegemea tairi. Aliinua dumu, akaligusisha mdomoni, akalishusha. Koo halikucheza. Baadaye akafanya vilevile. Alikuwa anajilazimisha kuonja unyevu wa mdomo wa dumu, maji anamwekea mdogo wake.

Aliishusha kamera. Tangu walipomzika mama yao, siku aliyosimama nje ya uzio akipiga picha badala ya kushika koleo, alikuwa akimtazama dada yake hivihivi, kutoka mbali, akijidanganya kwamba kukaa mbali ndio ujasiri. Alitamani mtu mmoja tu amwite jina. Akainuka, akarudi.

"Mbona mikono mitupu?" Dada aliuliza kwa sauti iliyokauka.

"Paa liko mbali. Nilikosea. Kunywa."

"Nimeshakunywa."

"Hujanywa. Nimekuona."

Dada akamkazia macho, kisha akanywa. Alipomaliza alisema, "Penye tangi pana mtu wa kulijaza. Kuna gari linalokwenda pale. Tulitafute alfajiri, wakati hewa haichezi."

Kulipopambazuka, kabla joto halijaamka, mdogo mtu alitoa stendi ya kamera garini, akaisimamisha, akaining'inizia mfuko wa mawe isitikisike. Mwanzoni lenzi ilionyesha giza tupu, ikamlazimu kungoja. Dada alikuwa ameng'oa kioo cha pembeni cha pikapu, amekishika mapajani, midomo imepasuka. Nuru ilipokolea, chini ya paa kukazuka ukungu mdogo. Hakuuamini. Aliuacha urekodiwe, akautazama tena kwenye skrini: paa lilibaki mahali pake, ukungu ulisogea.

"Vumbi! Ni gari. Elekeza kioo pale, usawa wa stendi, jua liwamulike. Yumbisha taratibu."

"Wameona?"

"Bado. Endelea."

"Mkono umekufa ganzi."

"Endelea, Dada. Nakuomba."

Alikaza jicho kwenye skrini. "Vumbi limesimama."

"Limesimama au limepotea?"

"Limesimama... Linageuka! Linakuja!"

Dada akaangua kicheko kilichogeuka kilio, kioo kikamponyoka. Mdogo wake, kwa mazoea, alichomoa kamera kwenye stendi na kumwelekezea. Picha ilikuwa ukungu mtupu. Alizungusha lenzi huku na huku, sura haikushika. Dada alikuwa karibu mno.

"Rudi nyuma kidogo," alisema.

"Kwa mguu huu? Rudi wewe, ndiyo kazi yako."

Aliinua mguu kurudi nyuma, kama kawaida yake. Akaushusha. Alizima kamera, akaiweka juu ya chumvi, akaketi bega kwa bega na dada yake. Gari la maji lilipofika, dereva aliwakuta hivyo, wameshikana mikono, na ilimbidi awaombe waachane ili amnyanyue mgonjwa.