Vidonge vya Siku ya Sita

Siku ya sita, Yuliana alimsikia mumewe akimeza kidonge.

Alikuwa uani akipepeta mchele, na dirisha la chumba chao lilikuwa wazi. Akasikia kikombe kikitua mezani, koo likigugumia maji, kisha Bartholomeo akishusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Yuliana akausimamisha ungo. Vidonge vilikuwa vya siku tano. Jana yake yeye mwenyewe ndiye aliyeikung'uta bahasha ya hospitali, akaona haina kitu, akaitupa jikoni ikaungua.

"Baba Jesca, umekunywa nini?"

"Maji."

"Nimesikia unameza."

"Basi maji hayamezwi?" Bartholomeo akatoka akicheka, akainama kufunga kamba za viatu. Akainama mara moja tu, bila kushika ukuta. Siku sita zilizopita mtu huyo alikuwa hawezi kujifunga hata mkanda.

Ilikuwa mwaka wa tisini na nne. Bartholomeo, mtu wa Mbinga aliyehamia Morogoro akiwa kijana, alikuwa fundi mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo huko Kihonda. Kiwanda kilikuwa kinatafutiwa mnunuzi, na kila mtu alijua kwamba mnunuzi hataki watu wengi. Orodha ya watakaopunguzwa ilisemekana ingetoka mwisho wa mwezi. Katika hali hiyo ndipo Bartholomeo aliponyanyua jora la turubai peke yake, mgongo ukalia, akaanguka juu ya jora lenyewe.

Yuliana ndiye aliyempeleka hospitali. Daktari alimwandikia diklofenaki, na muuguzi aliyewapa vidonge alisema nao polepole, akiwatazama wote wawili usoni.

"Kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku tano basi. Ule kwanza, usimeze tumbo likiwa tupu. Usichanganye na aspirini wala dawa nyingine ya maumivu, na pombe uache. Tumbo likiunguza, au ukipata choo cheusi kama lami, acha dawa uje hapa mbio. Ulishawahi kuwa na vidonda vya tumbo?"

"Hapana," Bartholomeo alijibu upesi.

Yuliana alimtazama. Alikumbuka mwaka waliooana, alivyokuwa akilala amekumbatia tumbo. Lakini mumewe alimkanyaga mguu chini ya meza, naye akanyamaza. Daktari alimwandikia pia siku saba za kupumzika. Karatasi hiyo Bartholomeo aliikunja, akaificha ndani ya kofia, na kesho yake alfajiri akaenda kazini.

Sasa vidonge vilikuwa vimekwisha, naye alikuwa anaendelea kumeza.

Wiki ya pili nyumba ikaanza kunuka. Haikuwa harufu ya panya aliyekufa wala ya choo. Ilikuwa harufu ya chuma chenye kutu kilicholowa, na ilikuja saa nane mchana, Bartholomeo akirudi kutoka zamu ya asubuhi na kujinyoosha kitandani. Mama mwenye nyumba, Bi Mwanvita, Mluguru wa Mkuyuni aliyezaliwa na kuzeekea katika mambo ya majini, alikuja mlangoni akasimama na kuvuta hewa kwa pua.

"Mama Jesca, mmechinja?"

"Hapana, mama. Hata mimi naisikia."

Tangu siku hiyo Bi Mwanvita hakuvuka kizingiti cha chumba chao bila kuanza na Bismillahi.

Kisha ikaja sauti. Yuliana alikuwa ameketi kando ya kitanda akishona gauni la Jesca, mumewe amelala chali, jua limewaka nje na watoto wanacheza rede. Akasikia kama paka anayelamba maziwa. Akatazama chini ya kitanda. Hapakuwa na paka. Akainua godoro pembeni. Hapakuwa na kitu. Sauti ikaendelea, taratibu, ikilamba na kupumzika na kulamba tena, naye akaifuata kwa sikio kutoka mguuni mwa kitanda hadi katikati, mpaka shavu lake lilipokaribia tumbo la mumewe, chini kidogo ya mbavu, na hapo akaelewa kwamba kinacholamba kimo humo ndani.

Alimwamsha kwa kelele. Bartholomeo alifumbua macho. Midomo yake ilikuwa myeupe.

"Hakuna kinachouma," akasema kabla hajaulizwa. "Mgongo umepona kabisa."

"Kama umepona, unameza nini? Nani anakupa?"

"Kuna duka. Njiani, pale kwenye mabanda ya mkonge. Mama mmoja."

Yuliana hakushangaa kusikia kuna duka jipya. Tangu mambo yawe ruksa, maduka ya dawa yalikuwa yameota kila kona, mengine yana daktari, mengine yana mtu yeyote mwenye koti jeupe. Kilichomshangaza ni neno alilolitamka mumewe baadaye, macho yakifumba tena.

"Hatozi hela. Na vinatoka mkononi mwake vina joto, kama yai lililotagwa sasa hivi."

Asubuhi iliyofuata Yuliana aliingia chooni baada yake. Akaona choo cheusi, kinanata, kinang'aa kama lami ya barabarani, na ile harufu ya chuma ikampiga puani hata akashika ukuta. Maneno ya muuguzi yakamrudia neno kwa neno. Akatoka mbio, lakini mumewe alikuwa ameshaondoka.

Akamngoja nje ya lango la kiwanda mpaka zamu ilipotoka. Hakumwita. Akamfuata nyuma, mbali kidogo. Bartholomeo alitembea kifua mbele, lakini kila baada ya hatua chache alisimama kuhema kama mzee anayepanda mlima. Walipofika kwenye mabanda ya zamani ya mkonge, akaiacha njia akaingia katika jengo lililobaki kuta tatu na nyasi ndani yake. Yuliana akachungulia.

Hapakuwa na duka. Hapakuwa na rafu wala meza wala mtu. Mumewe alikuwa amesimama katikati ya nyasi, amevua kofia, anaongea na ukuta kwa adabu kama aongeaye na mkwewe.

"Leo viwili, mama. Orodha inakaribia, siwezi kulala kitandani sasa."

Akanyoosha kiganja. Na Yuliana akakiona kiganja kile kikishuka kidogo, kama mtu aliyewekewa kitu chenye uzito, na vidonge viwili vyeupe vikawa juu yake, na jua la saa nane likiwa kali kiasi kwamba kila jani lilikuwa na kivuli chake, akaona kivuli cha pili kimesimama mbele ya mumewe, kirefu, chembamba, kimeinama kikimnusa tumboni, kisha kile kivuli kikageuza kichwa kuelekea alipojificha, na sauti tamu ya kike ikasema karibu kabisa na sikio lake, ingawa kivuli kilikuwa mbali:

"Na wewe, mama Jesca, huumwi popote?"

Alikimbia. Hakujua alivukaje barabara. Alimkuta Bi Mwanvita anaanika muhogo, akaanguka miguuni pake, akasimulia yote kwa kunong'ona, kama vile ukuta unasikia.

"Jini wa damu huyo," Bi Mwanvita akasema. "Wapo wanaotaka uvumba, wapo wanaotaka ngoma. Huyo ni wa damu. Namtumia mtu Mkuyuni leo hii, dada yangu Mwajuma aje. Usimguse mumeo mkono mtupu, shika hata rozari yako. Na usimwache ameze tena."

Usiku ule Yuliana aliusaka mfuko wa suruali ya mumewe, akatoa vidonge viwili, akavitumbukiza chooni. Alfajiri Bartholomeo alivitafuta. Akapindua godoro, akamwaga nguo, mwishowe akamkamata Yuliana mabega.

"Unataka niumwe? Unataka jina langu liwe la kwanza?"

"Nataka uwe hai."

"Mimi si mgonjwa!" Akamsukuma mlangoni, akaenda.

Bi Mwajuma aliwasili na gari la asubuhi kutoka Mkuyuni. Alikuwa mwanamke mnene wa makamo, mkavu wa maneno, muuza vitunguu siku za gulio na mganga siku nyingine. Alikuwa bado ananawa uso wakati Castory, fundi mwenzake Bartholomeo aliyepanga chumba cha pili katika nyumba hiyo hiyo, alipoingia uani akimburuta mgonjwa begani. Bartholomeo alikuwa ametapika kiwandani, kitu cheusi kama machicha ya kahawa. Hakuweza kusimama.

Mganga hakufungua hata kikapu chake. Alimlaza chini, akavuta kope la chini kwa kidole gumba, akatazama ndani, akabonyeza kucha.

"Huyu hana damu. Hospitali, sasa hivi."

"Lakini tumekuita wewe," Yuliana akasema.

"Mimi namtoa jini. Siwezi kumtia mtu damu. Castory, tafuta mkokoteni, gari, chochote. Ukifika, waambie ukweli wote. Amemeza nini, siku ngapi, na kama tumbo lilikuwa na maradhi zamani. Usiwafiche hata moja, na wewe utoe mkono watoe damu kama inafaa."

Yuliana akamweleza Castory yote, hata yale maumivu ya tumbo ya mwaka waliooana, akashika kanga yake ili afuatane nao. Mganga akamzuia kifuani.

"Saa nane inakaribia. Jini anakuja kula. Akikuta chumba hakina mtu, atamfuata kitandani hospitali. Lazima mtu wa nyumba hii amwambie atoke, na aambiwe uso kwa uso."

Wakaketi chumbani wanawake watatu, mlango umefungwa, chetezo cha ubani na majani makavu ya kivumbasi kikifuka kati yao. Nje redio ya jirani ilikuwa inasoma matangazo ya vifo. Harufu ya chuma ikaingia kwanza. Kisha kitanda kitupu kikalia, kama mtu ameketi juu yake, na shuka likabonyea.

"Yuko wapi?" sauti ikauliza. Haikuwa tamu tena.

"Hayupo," akasema Bi Mwajuma. "Na wewe utatoka."

"Nipeni mbuzi."

"Hupewi."

"Kuku, basi. Mwekundu."

"Ukipewa kuku leo, kesho utaomba mtoto. Hupewi hata yai."

Kitu kikacheka. "Mimi sikumlazimisha. Alikuja kwa miguu yake. Aliambiwa siku tano, akakataa. Alisema hataki maumivu, nikamwondolea. Nikala kilicho changu."

Bi Mwajuma akamgusa Yuliana kwa kiwiko. Yuliana alikuwa ameikaza rozari hata imemkata kiganja, na moshi ulikuwa umejaa kiasi kwamba hakuwaona tena wenzake, aliona tu kile kitu kikiinuka kutoka kitandani, kirefu mpaka kikajipinda darini, kikimjia bila hatua, na ubaridi wake ukimpanda kutoka vidoleni kwenda magotini kwenda kiunoni, akahisi kila kidonda alichowahi kuwa nacho kinaamka, jino la utotoni, uchungu wa kumzaa Jesca, kidole alichokatwa na shoka akiwa msichana Mbinga, vyote kwa pamoja, na sauti ikisema sema tu, sema kwamba unaumwa, niombe, kimoja tu.

"Ulimwambia bei?" Yuliana akapiga kelele.

Kile kitu kikasimama pale pale.

"Nakuuliza! Siku ile ya kwanza, ulimwambia mume wangu bei yake ni damu?"

"Hakuuliza."

"Basi huna haki nyumbani kwangu. Naumwa, na dawa yako siitaki. Toka!"

Bi Mwajuma akamwaga majani yote yaliyobaki juu ya makaa. Dirisha likafunguka kwa kishindo, komeo likaruka hadi ukutani. Moshi wote ukatoka kwa mkupuo mmoja kama uliovutwa na pumzi, na Bi Mwanvita akaanguka kifudifudi akilia. Shavu la Yuliana lilikuwa na alama nyeusi ya vidole vitatu. Haikutoka kwa mwezi mzima.

Bartholomeo aliongezewa chupa tatu za damu, moja ya Castory. Daktari alimwambia kwamba tumbo lake lilikuwa na kidonda cha zamani, na vile vidonge vilikuwa vimekichimbua mpaka mshipa ukapasuka. "Dawa hii ni nzuri kwa wanaoifaa, kwa siku zake," alisema. "Wewe ungetuambia ukweli, nisingekuandikia. Usiiguse tena maishani mwako."

Orodha ilitoka akiwa bado wodini. Jina lake lilikuwamo. Karani mmoja alimnong'oneza Castory kwamba majina yalipigwa chapa tangu Februari, mwezi mzima kabla Bartholomeo hajaumia mgongo.

Alipopata nguvu akaenda kulima shamba la kukodi huko Mlali, akirudi nyumbani kila Jumamosi. Masika yaliyofuata, baada ya siku mbili za kupalilia, mgongo ukamshika tena. Hospitalini walimpa panadoli, wakamfundisha namna ya kujinyoosha na kujikanda kwa maji ya moto, wakamwambia avumilie, utaisha. Akalala nyumbani kwenye mkeka, jasho linamtoka, anauma kanga ya mkewe ili mtoto asimsikie. Yuliana alikuwa jikoni anachemsha maji. Mvua ya jioni ilikuwa inapiga bati.

Akamsikia mumewe akisema, "Sitaki."

Akadhani anaota. Akanyanyua sufuria.

"Nimesema sitaki, mama. Bora niumwe."

Sufuria ikamponyoka. Alipofika mlangoni alimkuta Bartholomeo ameketi, macho yamemtoka, mikono yake yote miwili ameikalia kama mtoto anayekatazwa kitu. Hapakuwa na mtu mwingine. Yuliana akapiga magoti kando yake, akamkumbatia kichwa, akasema kwa sauti kubwa kuishinda mvua, "Hataki. Na mimi sitaki. Ondoka."

Harufu ya chuma ikapita usoni mwao, ikapungua, ikaisha. Bartholomeo akaanza kulia kwa furaha.

Ndipo wakasikia kitu kikitembea ukumbini, taratibu, mpaka chumba cha pili. Huko Castory alikuwa amelala tangu Jumapili na shavu lililovimba kwa jino, akiogopa koleo la daktari.

"Hodi," ile sauti ikasema, tamu, kama ya mgeni mwenye adabu.

Yuliana akafumbua kinywa apige kelele. Castory akawahi.

"Karibu," akasema.