Saini Mbili za Lutisha

Kila siku saa kumi na mbili asubuhi, Lutisha Gatewood alivuka reli kwenda kuwapikia Wazungu. Alianza na kahawa, halafu mikate midogo ya moto, halafu mayai. Kwa mwajiri wake, Bi Haddock, maji yalikuwa ndani ya nyumba. Unafungua bomba, yanakuja. Lutisha alilifungua bomba lile miaka kumi na minne, na kila akilifungua aliona uchungu.

Ng'ambo ya reli, walikokaa Weusi, hakukuwa na bomba. Mabomba ya mji wa Marlow Bend, jimboni Misisipi, yaliishia pale pale relini. Huko watu walichota maji kisimani, na kisima kilikuwa karibu na mtaro wa maji machafu. Kiangazi cha mwaka 1961, homa ya matumbo iliingia mtaani ikachukua watoto wanne. Mmoja wao alikuwa Corine, kitinda mimba wa Lutisha. Alikuwa na miaka mitano.

Baada ya mazishi, Ardell, mume wa Lutisha, alivaa suti yake ya kanisani akaenda kwenye baraza la mji kuomba bomba. Mjumbe mmoja alimtazama.

"Wewe ni mpiga kura?"

"Hapana, bwana."

"Haya," mjumbe alisema, na baraza likaendelea na mambo yake.

Ardell alirudi nyumbani akajilaza na viatu vyake. Tangu siku ile hakutaka kusikia neno baraza wala neno kura.

Ikapita miaka miwili. Jumamosi moja Lutisha alikuwa jikoni kwa jirani yake, Verlene Pickett. Verlene alikuwa msusi. Alikuwa akimnyoosha nywele kwa kitana cha moto.

"Lutisha, utajiandikisha lini kupiga kura?"

"Dada Verlene, mimi nimekuja kutengeneza nywele tu."

"Kaa vizuri nisikuunguze sikio. Nimekuuliza lini."

"Bi Haddock akijua atanifukuza. Wewe huna wa kukufukuza. Wateja wako ni sisi sisi."

"Ndiyo maana nasema mimi, maana wengine mnaogopa. Sasa sikia. Yule mjumbe anamsikiliza nani? Anamsikiliza anayeweza kumng'oa kwenye kiti chake. Ardell hakuweza kumng'oa. Angelia pale mpaka kesho, asingesikilizwa."

Lutisha aligeuza kichwa akamtazama. Kisha akasema, "Nifundishe."

Huko Misisipi kujiandikisha kulikuwa mtihani. Unajaza karatasi ndefu yenye maswali mengi. Unanakili kifungu cha katiba ya jimbo, halafu unakieleza kwa maneno yako. Anayesahihisha ni karani Mzungu, peke yake. Akisema umeshindwa, umeshindwa. Verlene alimfundisha Lutisha Jumamosi tano, kitana kikiwa jikoni na karatasi mezani.

"Hapa wanauliza wajibu wa raia ni nini," Verlene alisema. "Utaandika nini?"

"Nitaandika habari za Corine. Nitaandika raia hafai kuacha mtoto wa mwenzake anywe maji ya mtaro."

Verlene alimshika mkono. "Ni kweli tupu. Lakini usiandike. Andika kutii sheria na kulipa kodi. Usimpe karani sababu."

Lutisha aliandika hivyo. Ilimuuma sana.

Alhamisi, siku ya mapumziko ya wapishi, alikwenda kwenye jengo la mahakama. Karani alikuwa Bwana Tunstall.

"Shangazi, umepotea?" aliuliza. Wazungu wa kule walimwita mwanamke Mweusi shangazi ili wasimwite bibi.

"Sijapotea, bwana. Nimekuja kujiandikisha."

Aliandika kwa muda wa saa mbili na nusu. Alipomaliza, karani aliigeuza karatasi, akaweka kidole. "Saini hapa." Lutisha akasaini. Karani akaivuta karatasi akaitia kwenye mtoto wa meza.

Sasa kulikuwa na sheria nyingine, na hii ilitungwa kwa roho mbaya kabisa. Kila aliyeomba kujiandikisha, jina lake lilitangazwa gazetini wiki mbili, ili kila mwajiri alione. Bi Haddock aliliona akinywa kahawa.

"Lutisha, hili ni jina lako?"

"Ndiyo, Bi."

"Nenda ukalifute."

"Siwezi, Bi."

"Basi vua aproni."

Miaka kumi na minne iliishia hapo. Hakuulizwa hata kama amekula. Wiki iliyofuata Ardell naye alifukuzwa kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Alirudi nyumbani adhuhuri, akasimama mlangoni bila kuvua kofia.

"Niambie kitu kimoja," alimwambia mkewe. "Corine atarudi?"

"Hatarudi."

"Basi umetuuza kwa ajili ya nini?"

Ardell hakumsemesha tena siku nyingi. Waliishi kwa maharagwe waliyoletewa na watu wa kanisa.

Ulipotimia mwezi, Lutisha alirudi kwa karani.

"Umeshindwa," Bwana Tunstall alisema.

"Nimekosea wapi, bwana?"

"Silazimiki kukuambia."

Alikwenda moja kwa moja kwa Verlene, akaketi, akalia. Verlene alimwacha alie mpaka akatosheka. Kisha akamwekea mezani nakala ya ile karatasi ya mtihani, aliyoiandika yeye mwenyewe kwa mkono.

"Nionyeshe yote uliyofanya."

Lutisha alipitia swali moja moja. Majibu yote yalikuwa sawa.

"Ulisaini wapi?"

"Hapa."

"Na huku chini, kwenye kiapo?"

"Huko hakunionyesha."

Verlene aliweka penseli chini. "Lutisha, uliusoma ukurasa huu?"

"Niliyasoma maswali. Kwenye kusaini nilifuata kidole chake."

Usimcheke. Weusi wa kule wote walilelewa hivyo. Iwe mkataba wa shamba au karatasi ya kodi ya nyumba, Mzungu huweka kidole na wewe unasaini hapo hapo. Kuuliza mstari wa chini ni wa nini kulihesabiwa ukaidi, na watu walipigwa kwa ukaidi mdogo kuliko huo. Bwana Tunstall alilijua hilo. Hakuwa na haja ya swali gumu, alitumia woga waliofundishwa tangu utotoni.

"Sasa shika hili," Verlene alisema. "Karatasi inasomwa mpaka neno la mwisho. Ukiona mstari mtupu, usome unataka nini, kisha uujaze. Usitoe mkono kabla hujamaliza, hata ukiambiwa inatosha. Na kabla ya kusaini, jua unasaini nini."

Wiki ile risasi mbili zilipita dirishani mwa Verlene. Sherifu, mkuu wa polisi wa pale, alikuja, akatazama matundu, akasema pengine ni wawindaji wa sungura. Verlene alifagia vioo. Jumamosi akafungua kazi kama kawaida.

Lutisha alirudi mahakamani. Safari hii naibu wa sherifu alisimama mlangoni, bastola kiunoni. Lutisha alijaza kila kitu. Karani akaweka kidole pale pale.

"Saini hapa, shangazi."

Alisaini. Karani akavuta karatasi. Lutisha hakuiachia.

"Bado, bwana."

Naibu alisogea hatua mbili. Lutisha aliinama juu ya karatasi. Alikisoma kiapo taratibu, neno kwa neno, akasaini chini yake.

"Sasa chukua," alisema.

Baada ya mwezi alikwenda kuuliza tena. "Umepita," Bwana Tunstall alisema bila kuinua kichwa.

Alipofika nyumbani Ardell alikuwa ameketi kwenye ngazi. Lutisha alimweleza yote, kidole na kiapo.

"Mimi ningesaini mara moja tu," Ardell alisema.

"Najua."

"Jumamosi utakwenda kwa Verlene?"

"Nitakwenda."

"Twende wote."

Majira yale watu kumi na mmoja wa mtaani walikwenda mahakamani. Waliopita ni wanne, na waliofukuzwa kazi ni tisa. Mwaka 1965 sheria ya taifa iliufuta mtihani, na hapo watu wakajiandikisha kwa mamia. Katika uchaguzi uliofuata wajumbe wawili wa zamani waling'olewa.

Bomba lilivuka reli mwaka 1967. Watoto wa mtaa walicheza ndani ya maji mpaka wakalowa chapachapa. Lutisha alijaza bilauri akampa mumewe. Ardell aliishika, akayatazama maji muda mrefu, akashindwa kunywa. Corine angekuwa na miaka kumi na mmoja.