Kadi ya Marehemu Ndungu

Jumatatu asubuhi, Septemba 2006, maiti ya Ndungu, mpiga chapa, ilipatikana katika stoo ya karatasi ya kiwanda kidogo cha uchapaji, River Road. Alikuwa amepigwa chuma kichwani. Daktari wa polisi alisema aliuawa Ijumaa jioni.

Kufikia mchana, Inspekta Mwololo alikuwa ameshamtia ndani Selpher, mfagiaji kutoka Kangemi.

"Huo mlango wa kiwanda unafunguka kwa kadi tu, kuingia na kutoka," alimwambia Sajini Kavutha. "Ijumaa, wa mwisho kutoka ni huyo mama. Na walikuwa wamegombana. Kesi imeisha."

"Umeangalia Ijumaa peke yake, afande?"

"Ulitaka niangalie Krismasi?"

Kavutha aliubamiza mlango, akateremka hadi seli.

"Mligombania nini, mama?"

"Takataka!" Selpher alifoka. "Naambiwa na meneja nichome maboksi matupu ya dawa ya malaria, ya tarehe zilizopita, Ndungu ananinyang'anya. Sasa hiyo ni ya kuua mtu?"

Kavutha alichukua rekodi yote ya mlango: maelfu ya mistari kwenye jedwali la kompyuta, kadi zote zimechanganyika. Akaandika msimbo mfupi: panga mistari katika makundi, kila kadi kundi lake, ondoa tarehe zote za baada ya Jumapili, kisha katika kila kundi bakiza mstari wa mwisho pekee.

Ikabaki mistari kumi na minne, mmoja kwa kila mfanyakazi. Kumi na miwili ilisema "nje", Ijumaa. Wa Haron, meneja, ulisema "ndani", Ijumaa. Wa Ndungu, "nje", Jumamosi asubuhi.

Maiti ilikuwa imetoka kazini.

Jumatano Kavutha na konstebo mmoja walimkuta Haron nyumbani kwake, mtaa wa Satellite.

"Ijumaa ulitoka saa ngapi?" Kavutha aliuliza.

"Mapema. Nilipita nyuma ya mwenzangu, mlango ukiwa wazi. Kadi sikugusa."

"Na usiku?"

"Nililala hapa. Muulize mke wangu."

Mkewe, Anita, alikuwa amesimama na sinia ya chai. "Ijumaa?" alisema polepole. "Si uliniambia umelala kazini, Baba Nyawira? Eti mashine imeharibika?"

Haron alimkazia macho mkewe.

"Ulijificha humo mpaka asubuhi," Kavutha alisema. "Ukatoka kwa kadi ya Ndungu ili tuseme Jumamosi alikuwa hai. Ulikuwa unachapa maboksi mapya ya dawa iliyoisha muda wake, sivyo? Na yeye alikuwa anaokota ushahidi."

"Alijifanya mtakatifu!" Haron alipasuka. "Nilimsihi! Akasema anakwenda polisi. Sisi tunachapa karatasi tu!"

"Kuna watoto wanameza hiyo dawa wakidhani watapona. Mfunge pingu."

Alasiri Mwololo mwenyewe alifungua seli. "Pole, mama. Unajua kazi yetu ni—"

"Viatu vyangu viko wapi?" Selpher alimkatiza.

Mwololo akamtazama konstebo, konstebo akatazama sakafu. Hakuna aliyejua.

"Basi vua vyako," Selpher alisema.

Kavutha hakumzuia.