Nusu Inchi Isiyo Nusu

Kazi ya fundi cherehani ni ya kukaa. Jumamosi hiyo fundi wetu hakukaa hata kidogo. Alikunywa chai amesimama. Alikwenda bafuni, akarudi, akaenda tena. Futikamba yake ilikuwa shingoni kama kawaida, ila hapakuwa na nguo ya kupima.

"Kaa ule mkate wako," mkewe alimwambia.

"Nitakaa mama akishafika."

Mama huyo ni mama mkwe wake. Miezi miwili nyuma alipata kiharusi. Mkono wake wa kulia ulilegea, tena haukusikia joto wala baridi. Leo alikuwa anatoka hospitali kuja kukaa nao. Angefika saa tisa mchana.

Kumshawishi kulikuwa kazi. Alimwambia binti yake waziwazi: "Mchana wewe uko kazini. Nitabaki na mkwe wangu. Mimi sitanawishwa na mkwe. Kama siwezi kunawa mwenyewe, nipelekeni kwa mdogo wangu."

Huyo mdogo wake naye alikuwa mgonjwa, na nyumba yake ina ngazi ndefu. Kumpeleka huko kungekuwa kumtesa. Fundi aliyabeba maneno hayo moyoni, yakamnyima usingizi. Mama mkwe ni mtu wa heshima. Aibu yake ni aibu yako.

Kwenye sinki la bafuni palikuwa na miksa, yaani bomba moja linalochanganya maji ya moto na ya baridi. Miksa hiyo ilikuwa na vishikio viwili vya kuzungusha, tena vigumu. Fundi alinunua nyingine yenye mpini mmoja mrefu. Mpini huo unauinua kwa mkono mmoja, hata kwa kiwiko.

Alifunga koki kuu ya nyumba. Akaitoa miksa ya zamani. Chini yake kulikuwa na mipira miwili iliyochakaa, inayoleta maji kutoka koki ndogo mbili za ukutani. Mipira hiyo akaitupa kwenye pipa la taka, akaweka miksa mpya. Kisha akainama na futikamba yake, akapima mdomo wa koki, pale penye hesi. Hesi ni ile mizunguko kama ya parafujo, ambayo nati huipanda.

"Milimita ishirini na moja," alijisemea. "Nusu inchi ni kama kumi na tatu. Hii ni robo tatu."

Dukani muuzaji alimuuliza, "Ni ya sinki? Ya sinki huwa nusu."

"Nimepima mwenyewe, ndugu yangu. Kupima ndiyo kazi yangu."

Muuzaji akampa mipira yenye nati za robo tatu. Mteja ni mfalme, hata akikosea.

Saa sita fundi alikuwa chini ya sinki. Nati ilipita juu ya koki kama kofia ya baba kwenye kichwa cha mtoto. Haikushika. Akazungusha utepe mweupe wa mafundi bomba, mara kumi. Haikushika. Akazungusha mara thelathini, na chini yake akaweka uzi wa cherehani. Sasa ilishika kidogo. Akaikaza kwa spana mpaka mishipa ya shingo ikamtoka.

"Fungua koki kuu," alimwambia mkewe.

Maji yaliruka mpaka kwenye dari. Fundi alipokea mengine usoni. Mkewe alikimbia kufunga, akarudi na matambara mawili.

"Wanasema maji yakimwagika hayazoleki," alisema. "Haya yatazoleka. Shika tambara."

Fundi hakucheka. Aliitazama sakafu iliyolowa, akamwona mama mkwe akiteleza. Aliogopa kwelikweli. Saa ilikuwa saba kasoro.

"Nitaongeza utepe."

"Hutaongeza kitu. Namwita Kadogo."

Kadogo ni jirani yao, fundi bomba. Ni mwanamke mrefu, mpana, anayeinama akipita mlangoni. Alifika na mkoba wake, akaitazama ile nati iliyovimba utepe.

"Shemeji, hii umeifunga bandeji. Inaumwa?"

"Usinitanie, dada. Saa tisa mgeni anafika."

"Najua. Ndiyo maana nakutania, upumue. Ulipima nini?"

"Upana wa hesi. Milimita ishirini na moja. Futikamba haidanganyi."

"Haidanganyi. Mimi naitwa nani?"

"Kadogo."

"Ovaroli yangu ulishona wewe. Ilikula kitambaa kiasi gani?"

Fundi alikumbuka. Kitambaa kilipungua, akarudi dukani kuongeza. "Kitambaa cha watu wawili," alisema polepole.

"Basi. Kadogo ni jina, si kipimo. Na nusu inchi ni jina. Zamani mabomba ya chuma yaliitwa kwa upana wa tundu la ndani. Wewe umepima nje. Hesi ya nje ya nusu inchi ni milimita ishirini na moja. Ya robo tatu inafika ishirini na sita. Koki yako ni nusu."

Fundi aliivua futikamba shingoni. Miaka ishirini watu walimsifu kwa kupima. Iliuma.

"Sasa nikanunue kwa kipimo gani?"

"Usiende na kipimo. Nenda na kitu chenyewe. Mipira ya zamani iko wapi?"

Mkewe alikuwa ameshaingiza mkono kwenye pipa la taka. Aliutoa mmoja, akaufuta. Kadogo akaibandua ile bandeji, akasafisha hesi ya koki kwa brashi, akaipandisha nati ya zamani kwa vidole. Iliingia laini.

"Umeona? Mkono kwanza, spana baadaye. Nati ikipanda mizunguko mitatu kwa vidole tu, hiyo ni mwenzake. Ikigoma au ikikaa upande, itoe, anza upya. Usiilazimishe, utaua hesi."

Fundi alikwenda dukani mbio, mpira wa zamani mkononi. Safari hii aliomba aonyeshwe koki moja, akaijaribu nati ya mpira mpya pale pale juu ya meza. Ilipanda kwa vidole. Muuzaji alitabasamu. Asiyeuliza hanalo ajifunzalo, na fundi alikuwa ameulizwa kabisa, akakataa.

Ilikuwa saa nane aliporudi. Kadogo hakushika spana.

"Funga wewe. Mimi sitakuwepo kila siku."

Fundi akachukua utepe.

"Huo weka chini. Chungulia ndani ya nati. Unaona raba? Hiyo ndiyo inayozuia maji. Utepe ni kwa hesi isiyo na raba."

Alikaza kwa vidole mpaka mwisho, kisha spana kidogo tu, robo ya mzunguko. Alipofika mpira wa pili, Kadogo akamshika bega.

"Ya moto upande gani?"

"Kushoto."

"Hakikisha. Mkono wake hausikii moto."

Fundi aliufuata mpira wa maji ya moto kwa kidole, kutoka koki ya hita, ile inayopasha maji, mpaka kwenye miksa. Akarudia mara ya pili. Mkewe akafungua koki kuu. Fundi alizungushia karatasi kavu kwenye kila kiungo, wakasubiri. Karatasi zilibaki kavu.

Saa tisa na dakika kumi mama mkwe aliingia, akiegemea fimbo. Alisalimia, akashukuru, akauliza bafu liko wapi. Binti yake alimwonyesha mpini mara moja. Mama akamwambia atoke, akafunga mlango.

Fundi alisimama ukumbini, uso ameuelekeza ukutani kwa heshima, masikio yote yako bafuni. Alisikia mpini ukiinuliwa. Maji yakatoka. Yakakoma. Yakatoka tena, kwa muda mrefu. Hakuna aliyeita.

Mlango ulifunguliwa. Uso wa mama ulikuwa umelowa mpaka shingoni, na matone yalikuwa yakidondoka kidevuni.

"Nimenawa," alisema. Kisha akamtazama mkwe wake. "Mbona umesimama, mwanangu? Kaa."

Fundi akakaa. Mkewe akamletea ule mkate wa asubuhi, umekauka. Aliula wote.