Jina Alilolitaja Antonia

Wengi wanaoikumbuka Karatu ya mwaka themanini na saba wanakumbuka vumbi lake jekundu. Waliokuwa wakinywa chai kwenye hoteli ya Antonia wanakumbuka harufu. Ukiwauliza watatema mate pembeni, halafu watageuza maneno waanze habari za mahindi. Mimi nimesimuliwa na wifi yake, Lusia, mwanamke asiyejua kutia chumvi hata kwenye mboga. Antonia silo jina lake la kweli, na marehemu naye nimempa jina lingine. Sababu utaiona mwenyewe.

Ilikuwa Jumapili, baada ya misa ya pili. Antonia alikuwa jikoni akigeuza maandazi, mtoto mgongoni, mumewe Wilibrodi alipoingia uani na Land Rover ya watalii akipiga honi kama mwenye harusi. Nyuma alikuwa amefunga kwa kamba televisheni na deki ya video. Mzungu mmoja wa kule Ngorongoro alikuwa anarudi kwao, akamwachia vyote pamoja na mkanda mmoja. Mmoja tu. Vijana wakaibeba televisheni kwa adabu wasiyokuwa nayo hata kanisani, wakaiweka juu ya meza hotelini na kuziba madirisha kwa mablanketi. Wilibrodi akawasha jenereta nyuma ya jiko.

Antonia aliutambua muziki kabla ya picha. Alisimama mlangoni, mikono bado ina unga.

"Hii naijua," alisema. "Hii niliiona Oldeani."

Alipokuwa msichana alifanya kazi za ndani kwa mlowezi mmoja wa kahawa. Mzungu yule alikuwa na mashine ya sinema, na siku za sikukuu alitundika shuka jeupe sebuleni. Wageni walikaa mbele. Watumishi waliruhusiwa kusimama nyuma ya shuka, upande wa jikoni, kwa hiyo Antonia aliiona sinema nzima ikiwa imegeuka, kulia kushoto. Aliona binti wa dobi mwenye gauni la manjano akishuka ngazi nyeupe huku akiimba, na wahudumu wenye masinia wakicheza kumzunguka. Miaka yote iliyofuata aliihifadhi ngazi ile kichwani. Kila alipozika mtoto, na alizika watatu, alifumba macho, akaiona ngazi, akapata usingizi.

Sasa aliiona kwa mbele, na ilimtia kinyaa. Hakutegemea. Rangi zilikuwa zimekolea kupita kiasi: nyekundu ya kidonda, manjano ya usaha. Watu walitabasamu bila kupumzika, meno yote nje, hata walipokuwa wanalia. Mwanamume mwenye kofia alimpapasa binti kiuno mbele ya baba yake, na baba naye anacheka. Mezani kulikuwa na nguruwe mzima anayeng'aa mafuta, tunda limekwama mdomoni. Chakula chote kile, na hakuna aliyemeza hata tonge. Hiki ndicho nilichokuwa nakipenda? alijiuliza.

Lakini hoteli ilikuwa imejaa, na mle ndani hakuna mwingine aliyejua Kiingereza. "Tueleze basi, mama!" walipiga kelele. Akasimama kando ya televisheni, akaanza kueleza. Na ili wasichanganyikiwe, aliwapa wale Wazungu majina ya watu wa pale. Baba wa binti akamwita Josephati, kama katekista wao mwenye kitambi, na watu wakavunjika mbavu. Mwenye kofia akamwita Tluway, dereva wa lori asiyetulia kwa wanawake, na Tluway mwenyewe akasimama kupokea makofi. Kisha binti akatokea juu ya ngazi. Shingo ndefu. Mwanya katikati ya meno ya juu.

"Na huyu," Antonia alisema, sauti ikamlegea, "huyu ni Nosim."

Alilitaja kwa upendo. Nosim alikuwa Mmasai wa Piyaya, kule Loliondo, mke wa Tobiko, mlinzi wa hoteli. Kila asubuhi alimletea Antonia maziwa, wakakaa jikoni wakicheka, mmoja kwa Kiswahili kibovu, mwingine kwa Kimasai kibovu zaidi. Masika iliyopita alikwenda kujifungulia kwao, na siku chache baadaye akafa. Wazee walimlaza nyikani kwa mila ya zamani, bila kaburi, fisi wamchukue, mwili wote umepakwa mafuta ya kondoo. Antonia alikuwepo. Harufu ya mafuta yale siku ile haikumchukiza hata kidogo, ilikuwa heshima ya mwisho. Alirudi Karatu na kichanga, Nalotuesha, akamlea kwa chupa. Kwa mara ya kwanza nyumba yake ikawa na mtoto anayenenepa.

Tobiko alikuwa amesimama kizingitini. Aliposikia jina lile alitoka nje. Antonia alimkuta nyuma ya jenereta, shuka limefunika kichwa.

"Yeyo," alinong'ona. Ndivyo alivyomwita, mama kwa Kimasai. "Umemwita."

"Nimemkumbuka tu, mwanangu. Sisi marehemu wetu tunawataja kila misa."

"Wenu. Kwetu mtu akifa, jina linakwenda naye. Hata mimi sijalitamka tangu siku ile. Wewe umeliita mbele ya watu, tena umemwonyesha mahali pa kukaa."

Antonia alimpigapiga begani, akarudi ndani kuwamalizia watu sinema yao.

Jumatatu harufu ilianza. Ilikuwa ya mafuta ya kondoo yaliyochacha, kama sufuria iliyosahauliwa juani. Antonia alisugua sakafu kwa sabuni, akasugua meza kwa majivu. Wateja waliacha vikombe nusu wakaondoka. Alipopangusa kioo cha televisheni, kitambaa kilirudi cha njano, kinateleza, na ndani yake kulikuwa na manyoya mafupi, magumu, ya kijivu. Tobiko aliyatazama bila kuyagusa.

"Fisi," alisema, akaenda zake langoni.

Na Nalotuesha alikataa chupa. Hakulia. Hilo ndilo lililomtisha Antonia, kwamba mtoto hakulia, wala hakukonda. Alizidi kunona, mashavu yanang'aa. Siku moja Antonia alimpitishia kidole mdomoni kama wafanyavyo wanaotafuta jino. Kwenye kaakaa kulikuwa na kitu cheupe kimeganda, baridi. Alikibandua kwa ukucha na kukinusa. Hakuwahi kufika nje, alitapikia pale pale mlangoni.

Jumapili ya pili walikuja watu wachache, khanga na kofia puani. Wilibrodi akaweka mkanda. Binti alitokea juu ya ngazi, akaimba. Lakini hakumtazama mwenye kofia. Alitazama pembeni, alipokuwa amesimama Antonia na mtoto mgongoni. Kila alipokanyaga, ngazi nyeupe ilibaki na alama ya unyayo, yenye kung'aa. Nzi alitua kwenye mdomo wake. Akatembea juu ya mdomo ule, akaingia kwenye mwanya. Binti hakumfukuza. Aliendelea kuimba.

"Mkanda umeoza," Wilibrodi alisema. Walitoka mmoja mmoja, chai wakaiacha.

Jumatano, jua la utosi, jenereta limezimwa, Antonia alitoka bombani na ndoo yake. Mtoto alikuwa amemlaza chumbani, juu ya godoro. Godoro lilikuwa tupu. Alisikia sauti kutoka hotelini. Ya kumeza. Taratibu, bila haraka.

Nalotuesha, ambaye hata kutambaa hajajua, alikuwa juu ya meza. Tumbo chini. Viganja viwili kwenye kioo cheusi cha televisheni. Mdomo umebandikwa kiooni. Alikuwa ananyonya. Koo lilipanda, likashuka.

Antonia alimvuta. Mdomo ule ulibanduka kwa sauti ambayo mpaka leo hapendi kuielezea, na uzi wa mafuta ukabaki unaning'inia kati ya mtoto na kioo. Ndipo Nalotuesha akalia. Alilia akiinyooshea televisheni mikono.

"Hana ubaya," Tobiko alisema kwa sauti ndogo walipokaa uani. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ni mama. Amekuja kunyonyesha. Lakini alicho nacho sasa si maziwa."

"Atamwua?"

"Atamshibisha mpaka asitake tena chakula cha watu. Halafu atamchukua."

"Basi tuuchome mkanda leo hii."

"Ukichoma nyumba yake atahamia wapi, yeyo? Atahamia kwa mtoto. Jina lilitoka kinywani mwako. Mwondolee wewe, umpe lingine, mbele ya uso wake. Liwe jina la mtu kweli, aliye hai. Wale wengine uliwaazima kwa mzaha, hawakuchukua kitu. Huyu utampa kabisa. Likishakuwa lake, mwenye jina hatalitumia tena."

Antonia alishinda akiyawaza majina. Leonida wa jirani ana watoto watano. Lusia ni wifi yake. Bernadina muuza mchicha hajamkosea mtu. Kila jina alilolishika lilikuwa na mtu ndani, mtu anayekula, anayeitwa na watoto wake. Akajichukia kwa kuwa ameyapima hata hayo.

Alhamisi alasiri alimfunga Nalotuesha mgongoni, akafunga mlango wa hoteli. Wilibrodi aliwasha jenereta kule nyuma, akabaki huko huko.

Picha ilikuja ikiwa imegeuka. Ngazi ilikuwa upande wa pili, kulia kushoto, kama kule Oldeani. Antonia alielewa polepole. Amesimama nyuma ya shuka tena. Nani, basi, amekaa mbele?

Wahudumu walicheza kuzunguka mahali patupu. Mwenye kofia alikumbatia hewa, akaibusu hewa, huku akitabasamu. Hapakuwa na binti. Ngazi ilikuwa na nyayo tu. Zote zilikuwa zinashuka.

Khanga yake ikavutwa kwa nyuma.

Harufu ilimfunika. Sikioni pake, karibu kabisa, mtoto alianza kumeza. Kitu cha baridi kilimgusa shingo. Laini, chenye kuteleza. Vidole. Antonia hakugeuka.

"Wewe si Nosim," alinong'ona. "Nosim amelala Piyaya. Nilimwona kwa macho yangu. Wewe ni..."

Akalitaja jina lake mwenyewe. Lile la ubatizo, lote.

Kumeza kulikoma. Vidole viliondoka shingoni kimoja kimoja, vikaacha michirizi. Kwenye televisheni, juu ya ngazi, gauni la manjano likatokea. Wahudumu wote wakafungua midomo, wakaimba lile jina. Binti akaitika kwa tabasamu, mwanya wazi. Hapo Nalotuesha akatapika mgongoni kwa Antonia. Yalikuwa ya moto, ya njano, mengi kuliko tumbo la mtoto linavyoweza kubeba. Yalimtiririkia mpaka miguuni. Kisha mtoto akalia kilio cha njaa cha kawaida. Antonia alikaa chini katikati ya uchafu ule, akampa chupa, na mtoto akanywa yote. Mwanamke alilia kwa furaha huku akinuka kama mzoga.

Laiti ingeishia hapo. Jumamosi asubuhi Antonia alikuwa uani anaanika nepi. Leonida alimwita kutoka ng'ambo ya ua kwa jina lake, kama alivyomwita miaka yote. Kabla Antonia hajafungua mdomo, sauti ilitoka ndani ya hoteli iliyofungwa.

"Abee?"

Sauti tamu, ya kuimba. Leonida alidondosha ungo wake, na tangu siku hiyo hajakanyaga uani pale.

Jioni hiyo hiyo Tobiko alikuja akiwa amevaa mashuka mawili, fimbo mkononi, kama mtu wa safari. Alikaa chini mbele ya Antonia kwa heshima.

"Yeyo, umeniokolea mtoto. Na sasa naomba nimpeleke Piyaya, kwa bibi yake Nanyokie."

"Nimekosa nini, Tobiko?"

"Hujakosa kitu. Lakini watu watasahau. Watakuita kwa jina lako mbele ya mtoto, naye atalishika. Siku mtoto atakapoliita, atakayeitika ni nani?"

Antonia akaingia chumbani kumtoa mtoto. Alimfungia chupa, nepi na kipande cha khanga aliyozoea kulalia. Alimnusa mtoto shingoni. Alinukia maziwa. Akasimama barabarani mpaka vumbi la gari la Loliondo lilipotulia, kisha akarudi ndani, na tangu hapo watu humwita Mama Chai.

Mkanda Wilibrodi aliuchoma bila kuuliza mtu. Televisheni alitaka kuitupa korongoni, Antonia akakataa katakata. Kwenye kioo palibaki alama ya mdomo mdogo, ya mafuta. Alishaisugua kwa majivu, akaisugua kwa mafuta ya taa. Haitoki, kwa sababu iko upande wa ndani.

Lusia ameiona kwa macho yake. Anasema mwaka ule ilikuwa ya kichanga. Alipokwenda tena kumtembelea wifi yake, baada ya mavuno mengi kupita, ilikuwa imekua, na juu yake palikuwa na alama za meno, mwanya katikati. Kila Jumapili baada ya misa Antonia hufunua kitambaa, huipima kwa kidole, na husema mtoto wake anakua vizuri. Kisha hutoka nje kutapika.